Birika la Kijani

Mwezi uliopita Sadi alikuja kunitembelea hapa Remera, Kigali, pamoja na binti yake wa miaka mitano, Nuru. Sadi ni mtoto wa marehemu dada yangu, fundi umeme kule Kahama, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu kidevuni ambazo anadhani sizioni. Nilikuwa nimepika pilau na kutandika kitambaa kipya mezani, na ndani ya robo saa kitambaa kilikuwa sakafuni, glasi moja imevunjika, na Nuru yuko juu ya stuli anajaribu kufungua dirisha. Baba yake alikuwa akimwita kwa sauti ya chini, bila hasira, sauti ya mtu aliyekwisha sema maneno yale yale tangu asubuhi. Mara akainuka, akamshika mkono, wakakimbilia msalani. Nikawasikia mlango ukiwa wazi: baba anataja miji na mtoto anafuatisha, Rusumo, Kahama, Nzega, Singida. Waliporudi, Sadi alikuwa amekunja suruali iliyolowa ndani ya taulo langu, na aliomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyejikojolea.

Alinieleza tulipokuwa tukila, huku Nuru akila tonge moja na kuzunguka meza mara mbili. Walimpeleka kwa daktari Mwanza, na daktari akasema si ukaidi wala si kulelewa vibaya. Umakini wa mtoto huyu unaruka kutoka hiki kwenda kile, mwili wake hautulii, na haja inapombana yeye yuko mbali kwenye mchezo, akija kujua imekwisha kumtoka. Hali yenyewe ina jina refu la Kizungu ambalo Sadi ameliandika kwenye simu ili asilisahau. Daktari aliuliza kama kuna mtu katika ukoo aliyekuwa hivyo utotoni. "Nikamwambia nitamuuliza mama mdogo, yeye ndiye aliyebaki," Sadi akasema. Kisha akaweka kijiko chini. "Bibi alikuwa akisema nami nilikuwa hivyo. Mlinitibu na nini?" Nikasema ngoja nitoe vyombo, nikaenda jikoni, nikafungua bomba na kuyaacha maji yatiririke bila kuosha chochote.

Mwaka wenyewe ni 1992. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza masomo, kazi sina, na dada Mariamu aliniita Kicukiro nikakae naye kwa sababu cherehani lilikuwa linammaliza na mtoto alikuwa anammaliza zaidi. Mumewe, shemeji Hamisi, aliendesha lori la mizigo kati ya Kigali na Dar es Salaam, na nyumbani alikuwa anaonekana siku nne tano kwa mwezi. Tulikuwa watu wa Biryogo, mtaa wa Waislamu wa Kigali, tuliohamia kwenye mtaa wa Wakatoliki, na ndani tulisema Kiswahili chetu, nje Kinyarwanda. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu ambavyo kuta zake hazikufika kwenye bati, kwa hiyo neno lililosemwa chumba cha kwanza lilipita juu na kuangukia chumba cha tatu likiwa zima. Niliyajua mambo mengi ya nyumba ile nikiwa nimelala chali naangalia bati.

Sadi alikuwa ametimiza miaka mitano. Alikuwa mtoto mzuri, mcheshi, mwenye magoti yaliyojaa makovu kwa sababu hakujua kutembea, alijua kukimbia tu. Ukimtuma chumvi, atakwenda, na utamkuta nusu saa baadaye chini ya mgomba anawajengea siafu barabara, na chumvi hakumbuki kama aliwahi kusikia habari zake. Na kila siku, mara tatu, mara nne, kaptula ililowa. Wakati mwingine ilikuwa zaidi ya kulowa, na hapo harufu ilitangulia kufika kabla yake. Hakuwahi kuficha wala kukana. Alikuja mwenyewe mpaka nilipo, miguu imeachana, ananitazama usoni, anasema, "Nimechelewa tena, mama mdogo." Mimi nilifua. Ukinikumbusha mwaka ule, kitu cha kwanza kinachonijia ni beseni, sabuni ya kipande, na kaptula sita kwenye kamba ambazo msimu wa mvua zilikaa siku tatu bila kukauka, zikabaki na harufu ya ubichi hata baada ya pasi ya mkaa.

Tulifanya kila tulilolijua, na hatukujua mengi. Zahanati walimpa dawa ya minyoo. Maalimu wa Biryogo alimwandikia kombe, aya za kuoshwa kwa maji na kunywewa, akalinywa lote akaomba jingine kwa sababu lilikuwa na zafarani. Dada alimchapa, na akimaliza kumchapa anakaa kwenye cherehani lake analia huku anashona, na nguo za wateja zinatoka zimepinda. Mimi niliahidi biskuti, nikatishia kunyima biskuti, nikamkalisha juu ya kopo kubwa la maziwa ya unga, na kila nilipogeuka kopo lilikuwa tupu na mtoto yuko kwa jirani. Jirani huyo, Mama Odeta, ambaye choo cha shimo cha uani tulichangia naye, alikuwa mtu pekee asiyetulaumu. "Huyu iko mutoto muzuri," alikuwa akimwambia dada. "Ila kichwa yake iko na haraka kushinda miguu." Wengine walisema dada kamdekeza. Nami, nikiri, siku nyingine niliamini kuwa anafanya makusudi, na nilimfinya masikioni kwa uchungu ambao hata sasa nikiukumbuka vidole vinanikera.

Mwezi wa tano shemeji alirudi kutoka safari, akakuta mtoto amekaa juu ya mkeka wa kulia chakula na mkeka umelowa. Alikula isombe, kisamvu chetu, na wali kwenye sinia, akanawa, akanywa chai ya tangawizi, tukalala. Nikamsikia juu ya ukuta. Alimwambia dada kuwa madereva wenzake wamekuja kwake mara mbili na mara mbili wameaga kabla ya chai. Kisha akasema, "Septemba akipokelewa shule, atakaa. Asipopokelewa nampakia kwenye gari, nampeleka kwa mama yangu kule Ngara. Huko hakuna mkeka wa kuharibu." Dada alijibu kwamba mtoto wa miaka mitano hatengwi na mama yake kwa sababu ya mkojo. Shemeji akasema hamtengi, anamhifadhi. Waliendelea muda mrefu, dada akizidi kushusha sauti mpaka nikawa sisikii maneno, nasikia pua tu. Shule waliyoitaja ilikuwa ya chekechea, ya masista, juu kidogo ya barabara, na sista mkubwa, Masera kama tulivyomwita sote, alikwisha kumrudisha Sadi mara moja kwa sababu hiyo hiyo.

Tangu usiku ule nikalichukua lile jambo kuwa langu. Nilimwambia dada asihangaike, Septemba mtoto atakuwa mkavu. Nilisema kwa kujiamini sana. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikuwahi kulea hata paka.

Kengele niliigundua kwa bahati. Mama Odeta alikuwa uani anakata dodo, yaani mchicha, za mchana, Sadi anamkimbiza kuku wake, mara kengele ya parokia ikalia saa sita. Mama Odeta akaweka kisu chini, akainamisha kichwa kusali. Nami nikaona Sadi amesimama. Amesimama kabisa, mdomo wazi, mikono imening'inia, mpaka mlio wa mwisho ulipoisha, ndipo kuku akakumbukwa tena. Sikuwahi kumwona ametulia hivyo hata akiwa usingizini. Jioni saa kumi na mbili nikavizia: akasimama tena. Asubuhi yake tena. Nikakimbilia jikoni nikachukua birika la plastiki la kijani tulilotumia kutawadhia, nikalijaza nusu.

Kazi ilianza hivyo. Mlio wa kwanza ukisikika, nampa birika mkononi, maana nilikwisha kuona kuwa akiwa na kitu cha kubeba hapotei njiani. Tunakwenda chooni pamoja, mlango nauacha wazi kwa kuwa giza la mle lilimtisha, yeye anachuchumaa, mimi nasimama nje nimempa mgongo. Shida ikawa kumfanya akae. Sekunde tano amekwisha inuka. Ndipo nikamwambia ataje vituo vya baba yake, njia nzima ya lori ambayo alikuwa ameikariri kwa kumsikiliza shemeji: Kayonza, Rusumo, Kahama, Nzega, Singida, Dodoma, Morogoro, Dar es Salaam. Hakuruhusiwa kuinuka kabla hajafika Dar. Mara nyingi alikuwa amemaliza haja Singida, na kutoka hapo ilikuwa ni raha ya kutaja tu. Akitoka, ananawa kwa birika lake, na mimi nampigia makofi. Mama Odeta naye alipiga kutoka kwake, mikono ina utomvu wa ndizi.

Kengele ya parokia ililia mara tatu tu kwa siku, na mtoto yule hangefika toka asubuhi mpaka mchana akiwa mkavu. Nikaongeza za kwangu. Saa tatu na saa tisa nilichukua kijiko cha chuma nikagonga kifuniko cha sufuria, ngo, ngo, ngo, na Sadi akaja mbio kutoka popote alipokuwa, mkono umenyooshwa kupokea birika. Mwezi wa saba siku zikaanza kupita. Mbili kavu, kisha moja mbaya. Nne kavu. Nilichora mistari ya mkaa nyuma ya jiko, na dada, ambaye mwanzoni aliniona kama nimechanganyikiwa, akawa anakwenda kuitazama kila asubuhi kabla hajakaa kwenye cherehani. Shemeji alipopata habari alicheka bila furaha, akasema mtoto wa Kiislamu anakwenda chooni kwa kengele ya padre. Lakini alikaa siku tano zile na mkeka haukulowa, na siku ya kuondoka nilimwona amesimama nyuma ya jiko, anahesabu mistari kwa kidole.

Agosti ilikuwa ya vumbi na furaha. Kwenye redio mambo ya nchi hayakuwa mazuri, barabarani vijana wa vyama walipita na filimbi zao, na watu wazima walianza kusema maneno nusu na kuangalia nyuma. Mimi sikuangalia chochote isipokuwa kaptula moja. Wiki ya mwisho ililowa mara moja tu, na siku hiyo nilikuwa nimechelewa mimi kugonga kifuniko. Dada alimshonea sare ya bluu kabla hata hajapokelewa, akampima, akamgeuza, akambusu kisogoni, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nilimsikia akiimba.

Masera alikubali kumtazama kwa asubuhi moja. Nilimpeleka mimi, dada alikuwa na nguo ya harusi ya kumaliza. Kabla ya kuondoka tulikwenda chooni, akafika mpaka Dar. Njiani nilimwambia asikimbie, asishike vitu vya watu, akihisi haja amwambie madamu, mwalimu wao. Aliitikia kila neno. Watoto walikuwa wamejaa uwanjani, na mimi nikasimama nje ya lango pamoja na wazazi wengine. Masera akatoka, mtu mnene mwenye mwendo wa taratibu, akachukua chuma akagonga rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti ili watoto wapange mstari. Ngo, ngo, ngo.

Sikuwa nimewaza hata siku moja kwamba shule nayo ina kengele. Miezi minne niliwaza mkojo, niliwaza birika, niliwaza vituo, na hilo halikunipitia akilini. Nilimwona Sadi amesimama wima. Akageuka kulia, akageuka kushoto, akatafuta birika. Akanitafuta mimi, akaniona langoni, na nilimwinulia mkono kumkataza, lakini nadhani yeye aliona mkono unaomwambia haya, fanya. Akashusha ile kaptula mpya ya bluu, akachuchumaa katikati ya uwanja, akaanza kwa sauti kubwa: Kayonza, Rusumo, Kahama. Watoto walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nilipomfikia alikuwa amemaliza kila kitu, kidogo na kikubwa, na kaptula haikuwa na hata tone. Aliinua uso wenye furaha ambayo sijapata kuiona kwa mtu mwingine yeyote. "Nimewahi, mama mdogo," akaniambia. "Leo nimewahi."

Masera hakuwa mtu mbaya, na sitaki msomaji amfikirie hivyo. Alileta mchanga kwa mikono yake kufunika. Nilijaribu kumweleza habari ya kengele, nikachanganya Kiswahili na Kinyarwanda na machozi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama wazimu. "Mimi sina ubaya naye," akasema. "Lakini niko na watoto makumi ine na madamu mumoja. Mumulete mwaka kesho." Nikamfunga Sadi vifungo, tukateremka nyumbani. Njia nzima aliniuliza kwa nini siku hiyo hatukupiga makofi.

Shemeji aliingia siku ya tatu. Hakumgombeza mtu. Alisema tulikubaliana, na dada hakuwa na nguvu ya kusema kinyume, kwa sababu kweli walikubaliana. Asubuhi tulimsindikiza mpaka barabara kubwa lilipoegeshwa lori. Sadi hakulia hata kidogo, alikuwa anakwenda kuviona vituo vyake kwa macho, na alikaa mbele karibu na baba yake akipapasa kila kifaa. Dada alipanda kwenye kidato, akapitisha sweta dirishani. "Vaa sweta, mwanangu, njiani kuna baridi," akasema. Lori likaondoka. Tulisimama mpaka likapotea kwenye kona, kisha dada akageuka, na bila kupandisha sauti akaniambia, "Umenipotezea mtoto, Zubeda."

Akatangulia kurudi, mimi nyuma. Alipofika akachukua birika la kijani akaliweka juu kabisa ya ukuta wa jiko, mahali ambapo mimi sikufika. Tulipika maharage ambayo hakuna aliyeyala. Saa sita kengele ya parokia ililia, na sote wawili tukanyanyuka, kisha tukakaa tena bila kutazamana.

Habari zilikuja na lori. Mwanzoni bibi yake alilalamika, baadaye hakulalamika, na katikati ya mwaka uliofuata shemeji alisema mtoto sasa ni mkavu usiku na mchana. Dada akauliza mama mkwe amefanya nini. Hakuna alichofanya. Shamba lilikuwa kubwa, mtoto alikimbia alivyotaka, na siku moja ikawa imekwisha. Dada alinitazama nilipokuwa nikisikiliza hayo, nami nikainuka kwenda kuchota maji ambayo tayari tulikuwa nayo. Akaanza kudai arudishwe. Alitaka awe nyumbani kwa Idi ya 1994. Shemeji akasema barabara ni mbaya, asubiri masika yaishe. Mwezi wa nne, wiki ile mauaji yalipoanza, mimi nilikuwa Biryogo nimekwenda kuwatembelea watu wetu, shemeji alikuwa Tanzania na lori, na Sadi alikuwa Ngara anamfukuza kuku wa bibi yake. Dada Mariamu alikuwa Kicukiro. Mwezi wa tano hakuuona.

Miaka yote hii nimelibeba neno lake lile la barabarani. Hakulirudia, lakini pia hakulifuta, na mimi nilikuwa nangoja mtoto arudi ndipo nimwombe msamaha, tucheke pamoja habari ya uwanja wa shule. Najua anachofikiri anayesoma hapa, maana hata mimi nimekifikiri. Kama ningefaulu, Sadi angekuwa na sare ya bluu na angekuwa nyumbani na mama yake mwezi ule. Nimejaribu kulifurahia jambo hili nikashindwa, nimejaribu kulijutia nikashindwa pia. Nilitamani mara moja tu kumwambia dada kwamba mtoto hakupotea. Sina wa kumwambia.

Nilifunga bomba, nikarudi sebuleni, nikamweleza Sadi. Nilimwambia ukweli kwamba hatukumtibu na chochote, kwamba hatukujua tunachokitibu. Nilimpa habari za kengele, za kifuniko cha sufuria, na za rimu ya gari. Alicheka mpaka akajifuta macho, akasema vituo alidhani amevibuni mwenyewe kwa ajili ya Nuru. Akaniomba nisimwambie mke wake habari ya uwanja, nami nikamwahidi, ingawa sina hakika. Kisha akasema siku alipopelekwa Ngara anakumbuka mkono wa mama yake umeingia dirishani, anakumbuka bangili, lakini sauti haimjii. "Alisema nini, mama mdogo?"

"Alisema uvae sweta."

"Basi?"

"Basi. Alisema njiani kuna baridi."

Aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, akiangalia mikono yake. Baadaye walipokuwa wanaondoka alichukua sweta la Nuru kwenye kiti, akapiga goti mlangoni kumvalisha. Aliwahi kuingiza mkono mmoja tu. Nuru alikuwa amekwisha toka mbio, mkono wa pili wa sweta unaburuzika nyuma yake, na Sadi anamfuata akimwita kwa sauti ile ile ya chini.